Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi wa Zege Aenda Kutazama Dari

Saa kumi na moja alfajiri. Mimi ni fundi wa zege hapa Fort Worth, Texas, na katika joto la huku zege halimngoji mtu, kwa hiyo gari la kwanza lilifika kabla jua halijachomoza, tukaanza kumwaga sakafu ya ghala.

Saa nne asubuhi. Tulibandua fomu, yaani mbao za kumwagia zege, za ukuta wa msingi, na kona moja ikatoka na vishimo kwa sababu siku ile sikuifikisha vaibreta, mashine ya kutetemesha zege lijishindilie, chini. Msimamizi alisema tutaziba kwa lipu. Lipu ndiyo stara ya fundi.

Saa tisa alasiri. Nilioga, nikaenda Kimbell Art Museum, jumba la sanaa la hapa mjini, ambako mkusanyo wa kudumu hauna kiingilio na milango ya Ijumaa hufungwa saa mbili usiku. Jengo lilifunguliwa mwaka 1972, nalo lilisanifiwa na Louis Kahn.

Dari yake ni kuba ndefu zilizopangwa sambamba, kila moja ikiwa na urefu wa mita 30 hivi na upana wa mita 7, na kila moja imesimama juu ya nguzo 4 tu za pembeni. Hapo ndipo fundi anapokuna kichwa: tao hushikiliwa na kilele chake, lakini hizi zimechanwa kileleni karibu urefu wote ili mwanga upite. Kumbe si tao. Ni ganda linalojibeba kama boriti, likiwa na kebo za chuma zilizovutwa ndani yake, kazi aliyoikokotoa mhandisi August Komendant.

Jua la Texas lingeunguza picha kama lingeshuka moja kwa moja. Ndiyo maana chini ya ule mwanya kuna mabati ya alumini yenye umbo la mbawa na matundu madogo madogo, yaliyobuniwa kwa msaada wa mtaalamu wa mwanga Richard Kelly, ambayo huurudisha mwanga juu kwenye zege, nalo zege huushusha ukiwa umepoa. Kahn mwenyewe aliufananisha na rangi ya madini ya fedha, na sikuona kwamba alitia chumvi.

Nilisogea ukutani. Mishono ya fomu imeachwa wazi, mistari minyoofu isiyoguswa na mwiko wa lipu.

“Kaka, picha ziko huku chini,” alisema mlinzi mmoja, mama wa Kikongo aliyenisikia nikiongea kwa simu.

“Naziona, mama. Natazama zege.”

Saa kumi na moja jioni. Wingu lilipita, kuba nzima ikafifia kisha ikarudi, na picha iliyo mbele yangu ikageuka rangi bila mtu kugusa swichi. Nilikaa hapo karibu saa nzima.

Saa moja usiku. Msimamizi alituma ujumbe: Jumatatu nije na mwiko wa lipu. Nimeutia mfukoni mwa begi.