Nilivyofungua seva ya Minecraft bila kuiangusha

Waliojiandikisha kwenye seva yangu ya Minecraft, yaani mashine inayoendesha dunia ya mchezo huo wa kompyuta wa kuchimba na kujenga, walikaribia mia, na wote walitaka kuingia Jumamosi saa mbili usiku, dakika ileile. Mashine niliyoikodi ilikuwa ya kawaida tu. Nikaamua kuwaingiza kwa mafungu, na kwenye grupu la WhatsApp nikasemwa wiki nzima.

Seva ya Minecraft hupiga hesabu za dunia yake mara 20 kwa sekunde. Ndani ya kila milisekunde 50 ng'ombe wasogee, maji yatiririke, mahindi, sorry, ngano ikue, na kila mchezaji aletewe habari zake. Sehemu kubwa ya kazi hiyo inabebwa na kiini kimoja cha kichakataji, hivyo kulipia mashine ya viini 16 hakukuokoi. Muda ukizidi, unavunja jiwe halafu linarudi palepale.

Lakini idadi ya watu si tatizo peke yake. Wachezaji mia waliotawanyika, huyu analima, yule anapiga soga, wanaweza kuwa wepesi kuliko wageni hamsini. Wageni huanzia sehemu moja, wakibanana kama abiria wa mwendokasi pale Kimara asubuhi, kisha kila mmoja anakimbilia upande wake, na seva inalazimika kutengeneza ardhi mpya mbele ya kila mguu: milima, mapango, madini. Hiyo ndiyo kazi inayoiua siku ya kwanza.

Kwa hiyo niliweka mpaka wa dunia, nikaiacha seva itengeneze ardhi yote ya ndani kabla hajaingia mtu. Umbali wa kuona, yaani vipande vya ardhi ambavyo seva humwonyesha mchezaji kila upande, nikaushusha kutoka 10 hadi 6. Kisha nikawasha orodha ya wanaoruhusiwa, nikawa naongeza majina kwa kufuata aliyejiandikisha mwanzo.

Utaratibu huo niliuiga kwa Star Wars: The Old Republic, mchezo wa mtandaoni. Desemba 2011, walioagiza mapema waliitwa kwa barua pepe kuanzia tarehe 13, kundi baada ya kundi, kulingana na siku mtu alipoingiza namba ya oda yake. Uzinduzi rasmi ulikuwa tarehe 20. Pokémon GO, mchezo wa simu, mwaka 2016 iligawa kwa nchi: Marekani na Australia mwanzoni mwa Julai, Japani, nyumbani kwa Pokémon, ikangoja hadi tarehe 22. Na bado Google, ambao mashine zao ziliubeba mchezo huo, walieleza baadaye kwamba trafiki ilifika mara 50 ya iliyolengwa.

Kwa nini wenye fedha wasinunue mashine za kutosha? Kwa sababu umati wa wiki ya kwanza haukai. The Old Republic ilifungua seva nyingi, na kufikia katikati ya 2012 wachezaji walikuwa wanahamishiwa kwenye chache. Dunia tupu nayo hufukuza watu, pengine kuliko foleni.

Usiku ule wa kufungua seva yangu, jicho langu lilikuwa kwenye muda wa mzunguko, yaani muda ambao seva inatumia kumaliza kila duru ya hesabu zake. Ukituama chini ya milisekunde 40 naita fungu jingine, ukipanda, nangoja. "Kaka, mbona mwenzangu kaingia mimi bado?" Swali hilo lilikuwa la haki, maana aliyetangulia alikuwa amesimama tu pale mwanzo akimngoja rafiki yake, nafasi imekaliwa bure. Nikaanza kuwaita marafiki pamoja, hata kama mmoja alijiandikisha jana yake.