Ijumaa Doha mlango ni wa familia, sisi tuna Corniche

Ijumaa hii nimezuiwa mlangoni. Ni duka kubwa la hapa Doha, Qatar. Nilitaka soksi na dawa ya meno tu. Mlinzi akasema leo siku ya familia, mwanaume peke yake haingii. Nina mke na watoto Mwanga, Kigoma, lakini huku natembea peke yangu, basi nahesabiwa kapera. Kilichoniuma zaidi, mlinzi mwenyewe ni Mkenya, analala kambini Sanaya, eneo la viwanda, kama mimi. Akiwa ofu, naye atazuiwa palepale.

Mji umepangwa hivyo, ndugu zangu. Sheria namba 15 ya mwaka 2010 inakataza makazi ya wafanyakazi kwenye mitaa ya familia. Ndiyo maana tumewekwa Sanaya, kwenye magereji na vumbi, na alfajiri basi la kampuni linatupeleka kusafisha vioo vya maghorofa ambayo hatutaingia kama wageni.

Lakini utuone Ijumaa baada ya swala! Nauli ya metro, treni ya mjini, ni riyali 2, tunashukia upande wa Corniche, barabara ya pwani ya kilomita kama 7. Wanepali wana nyasi zao, Wabangladeshi wanapigana picha maghorofa yakiwa nyuma, watume kwao. Kule kambini, uwanja wa kuegesha malori unageuka wa kriketi. Hakuna aliyetupangia hayo. Na sisi Waswahili tuna kona yetu chini ya mitende. Pale mgeni anaambiwa kampuni ipi hailipi kwa wakati, na pale tulimchangia mwenzetu wa Kasulu alipofiwa na mama yake, fedha zikapatikana kabla ya magharibi. Najivunia ile kona kuliko chochote nilichojenga huku.

Wewe unayetaka kuuza shamba la michikichi ili uje: tangu Machi 2021 kima cha chini cha mshahara huku ni riyali 1,000 kwa mwezi, na kampuni isipokupa malazi na chakula inaongeza 500 na 300. Ajenti akileta mkataba wa chini ya hapo, usisaini hata akikuharakisha.

Na wenye maduka wa Kigoma, nina ombi. Wale Warundi wanaokaa barazani kwenu asubuhi wakisubiri mtu wa kuwapa kibarua cha kulima, msiwamwagie maji. Waacheni wakae, na kisima kikiwa karibu waonyesheni.