Kabla ya Kusema Amesahau

Panya namba 17 alipita ubavuni mwa bendera, karibu kiasi cha kiganja cha mkono, akaendelea kuogelea kama vile hakuna kitu. Nilikuwa nimesimama pembeni ya tangi la maji tunalopimia kumbukumbu za panya, saa mkononi. Siku hiyo jukwaa analopaswa kulitafuta na kulipanda halikufichwa. Lilichomoza juu ya maji, na juu yake nilisimika kibendera cheusi makusudi, ili hata panya aliyepoteza kumbukumbu zote akione na kukifuata. Zilipotimia sekunde 60 nikamtoa, nikamfuta kwa taulo, nikamweka chini ya taa ya joto. Kisha nikafungua orodha ya makundi, ambayo kwa wakati huo haikuwa siri tena. Namba 17 hakuwa mgonjwa. Alikuwa wa kundi la wazima.

Nilikaa kwenye kigoda nikashika tama. Kazi ya miezi saba ilikuwa imesimama juu ya lile tangi.

Nilikwenda Ujerumani kusomea shahada ya uzamivu, na sababu yangu ilikuwa moja. Bibi yangu, mzaa mama, aliyenilea Pangani, alikuwa ameanza kusahau. Kwanza alisahau alipoweka ufunguo, halafu akasahau kuwa ameshakula, halafu siku moja akamuuliza mama yangu, "Wewe ni nani, mwanangu?" Watu walisema ni uzee. Wengine walisema mambo ambayo sitayaandika hapa. Mimi nilitaka kuuona ugonjwa wa Alzheimer ukianza ndani ya ubongo ulio hai, kabla mtu hajafikia kuuliza swali kama lile.

Ubongo wa mtu hatuwezi kuukata vipande akiwa hai ili tulinganishe na picha zake za MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha ndani ya mwili. Ndiyo maana tunatumia wanyama. Lakini panya wa kawaida haugui Alzheimer. Hata akifika miezi 24, umri ambao kwa panya ni uzee wa mkongojo, hajengi yale mabonge ya protini ya amiloidi, kwa kuwa amiloidi yake inatofautiana na yetu kwa asidi amino tatu, vile vijenzi vidogo vya protini. Hivyo watafiti humpandikizia jeni za binadamu, zilezile zilizopatikana katika familia ambazo ugonjwa huwapata watu mapema. Panya niliofanya nao kazi ni wa ukoo uitwao 5xFAD, uliotangazwa mwaka 2006. Wamebeba mabadiliko matano ya jeni, na amiloidi huanza kuwajaa wakiwa na miezi miwili tu.

Hata hivyo panya huyu anatuonyesha nusu ya habari. Daktari Alois Alzheimer, ambaye ugonjwa huu unaitwa kwa jina lake, aliposimama mjini Tübingen, Ujerumani, mwaka 1906 kueleza ubongo wa mgonjwa wake, Auguste Deter, alitaja mabonge nje ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Hizo nyuzi, za protini ya tau, panya wa 5xFAD hana. Kosa la kusahau kuwa panya hatuonyeshi yote limeshawahi kuwagharimu watu. Mwaka 1999 chanjo dhidi ya amiloidi ilisafisha ubongo wa panya vizuri sana. Ilipojaribiwa kwa watu, jaribio lilisitishwa mwaka 2002 baada ya asilimia 6 hivi ya waliochanjwa kupata uvimbe wa ubongo na utando wake. Panya hawakuwa wameonyesha dalili yoyote ya hatari hiyo.

Kilichonichukua muda mrefu kuliko vyote ni picha za MRI. Ubongo wa panya haufiki nusu gramu, wakati wa mtu mzima ni takriban gramu 1,300 hadi 1,400. Mashine ya hospitali huwa na sumaku ya tesla 1.5 au 3, tesla ikiwa kipimo cha nguvu ya sumaku. Sisi tulitumia ya tesla 9.4, na bado ilibidi kupiga kwa dakika nyingi ili hipokampasi, ile sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu mpya na ramani ya mahali, ionekane kingo zake. Dakika nyingi maana yake mnyama asitikisike hata kidogo. Kwa hiyo analazwa kwa nusu kaputi, dawa ya isoflureni anayoivuta kupitia kikoni kidogo puani. Meno yake ya mbele yanashikwa na kijiti, macho yanapakwa mafuta yasikauke, chini ya kifua unawekwa mfuko mdogo wa hewa unaohesabu pumzi.

Picha zangu za miezi miwili ya kwanza zilikuwa ukungu mtupu. Kila ukingo ulikuwa na kivuli chake pembeni, mithili ya maandishi yaliyochapwa mara mbili. Nilidhani mashine ina hitilafu. Nilibadilisha vipimo, nikarefusha muda, nikasoma miongozo hadi usiku. Aliyeniokoa ni mama mmoja fundi wa maabara, aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Alikuja, hakutazama skrini hata mara moja, akaweka ncha ya kidole kifuani mwa panya.

"Unamlaza mno," akaniambia. "Hapumui, anatweta."

Ilikuwa kweli. Kwa kuogopa asizinduke ndani ya sumaku, nilikuwa nampa dawa nyingi. Panya aliyezidiwa na dawa hupumua polepole lakini kwa nguvu, na kila pumzi inavuta kichwa chote. Tukapunguza kidogo kidogo, tukisubiri dakika tano kila mara, hadi pumzi zikawa kati ya 80 na 100 kwa dakika, nyepesi na za kulingana. Joto la mwili tulilishika karibu na nyuzi 37 kwa maji ya moto yanayozunguka chini ya kitanda chake. Picha iliyotoka siku ile nimeihifadhi hadi leo. Hipokampasi ilikuwa imejikunja vizuri kila upande, na tabaka zake ungeweza kuzihesabu.

Kabla ya hapo nilimpoteza panya mmoja. Mrija wa maji ya moto ulikuwa umelegea, akapoa, nami nilikuwa nimekodolea macho skrini. Tangu siku hiyo najiwekea kanuni: kila baada ya dakika tano naandika kwa mkono pumzi na joto, ingawa kompyuta inarekodi yenyewe. Mnyama aliyetolewa uhai wake kwa ajili ya swali letu, kumpoteza kwa uzembe ni deni lisilolipika.

Sasa turudi kwenye tangi. Jaribio la maji lilibuniwa na Richard Morris mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ni rahisi kulieleza. Unajaza tangi la duara maji yaliyofanywa meupe kwa rangi isiyo na sumu, unaficha jukwaa dogo sentimita moja chini ya maji, unabandika alama kubwa kwenye kuta za chumba. Panya hapendi maji. Akibahatika kulipata jukwaa, siku zinazofuata atajifunza kulifuata kwa kuzitazama zile alama. Mwisho unaliondoa jukwaa na kuona anazungukia wapi: mwenye kumbukumbu hutafuta palepale lilipokuwepo.

Matokeo yangu yalikuwa mazuri kupita kiasi. Wagonjwa, yaani waliobeba zile jeni za binadamu, walizunguka ovyo; wazima, wasio nazo, wakaenda moja kwa moja. Msimamizi wangu alifurahi, tukaanza kupanga mahali pa kuyawasilisha. Jaribio la bendera lilibaki kama utaratibu tu wa kumalizia. Wakashindwa sita: watano wagonjwa, na mmoja mzima.

Nalifikiria hili mara nyingi. Kama wangeshindwa wagonjwa peke yao, ningesema ugonjwa umewala sana, nikaandika hivyo, na watu wangeamini. Ni namba 17 aliyekataa kuingia kwenye hadithi yangu. Panya mzima, mnene, mwenye mbio akiwa kwenye kizimba chake, anapita kando ya bendera bila kugeuka. Usiku huo nikarudi kwenye historia ya ukoo wao. Wazazi wa asili walikuwa mchanganyiko wa aina mbili, na mojawapo, iitwayo SJL, hubeba jeni inayoharibu retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Panya akiirithi kutoka pande zote mbili, seli zake za kupokea mwanga hufa akiwa bado mchanga. Kwa nje huwezi kujua. Macho yanang'aa vilevile.

Vipande vidogo vya masikio, vilivyokatwa panya walipopewa namba, vilikuwa bado kwenye friza. Nilivipima jeni kwa siku mbili. Watano kati ya wale sita walikuwa vipofu, namba 17 akiwamo. Wa sita alikuwa na macho mazima. Yeye alikata tamaa tu akawa anaelea, jambo ambalo panya hulifanya. Nikawatoa vipofu kwenye hesabu, nikapiga mahesabu upya. Tofauti kati ya makundi ilibaki, lakini ilisinyaa sana. Nilipompelekea msimamizi karatasi nilitetemeka. Aliisoma mara mbili, akafuta tarehe ya mawasilisho ubaoni, akasema tuanze kundi jipya. Hakusema zaidi, na nilimshukuru kwa hilo.

Kundi jipya tulilianza kinyume. Kwanza jeni ya macho, ndipo namba. Kwanza bendera, ndipo jukwaa la kufichwa. Picha za MRI nilizipima bila kujua zipi ni za nani, orodha akiwa nayo mwenzangu chumba cha pili. Kazi ikawa ndefu zaidi, na usingizi nikaanza kuupata.

 

Jioni ile niliyopata majibu ya jeni nilimpigia mama simu. Nilimwuliza swali ambalo sikuwahi kuliuliza kwa miaka yote ya kusomea ubongo.

"Mama, bibi anaona?"

Akanyamaza kidogo. "Anaona, si anatembea? Ila siku hizi anapapasa. Sahani anaitafuta kwa mkono."

"Alipokuuliza wewe ni nani, ulikuwa umesema neno?"

"Hapana. Nilikuwa nimeingia tu mlangoni."

Nikamwomba ampeleke kupimwa macho. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na la kulia lilikuwa limefunga kabisa. Mwaka 2024 kamisheni ya jarida la tiba la Lancet iliuweka uoni hafifu usiotibiwa miongoni mwa mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau na ambayo tunaweza kuyafanyia kazi. Nyumbani kwetu hakuna aliyelijua hilo, na mimi niliyepaswa kulijua nilikuwa nahesabu tabaka za hipokampasi. Akafanyiwa upasuaji wa jicho moja, miezi mitatu baadaye la pili.

Nilimpigia kwa video alipotolewa bandeji ya pili. Mama aliishika simu mbele yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekonda! Huko hawakupi chakula?" Akalitaja jina langu lote, pamoja na lile la utani aliloniita nikiwa mdogo. Mama nyuma ya simu alikuwa analia.

Tukazungumza juu ya nazi na mvua. Halafu akageuza uso kuelekea mlangoni, akatazama nje kwa muda, akiwa anaona kila kitu sawasawa, akaniuliza kama babu ameshatoka shamba, maana jua limezama.

Babu alifariki mwaka 2009.

"Bado, bibi," nikamwambia. "Yuko njiani."