Nilivyogandisha barafu kwa sola bila betri

Ukitaka barafu mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika, wengi watakushauri ununue betri ili friza ifanye kazi usiku na mchana. Mimi niliziacha kabisa. Betri hula fedha nyingi, na penye joto kali hufa mapema. Kilo moja ya barafu iliyo kwenye nyuzi sifuri huhitaji kilojuli 334 za joto (kilojuli ni kipimo cha nishati) ili iyeyuke. Nikaona basi jua la mchana nilihifadhi ndani ya barafu yenyewe.

Nilichagua friza ya kulala, ya kufungulia juu, kwa kuwa hewa baridi ni nzito na haimwagiki mfuniko ukiinuliwa. Kompresa yake, yaani pampu inayotengeneza ubaridi, ni ya umeme wa DC, ule unaotoka moja kwa moja kwenye paneli, tena ya kubadili mwendo. Hapo usibane matumizi. Kompresa ya kawaida huvuta umeme mwingi ghafla inapoanza, na paneli peke yake haziwezi kuihimili. Hii yangu huanza taratibu asubuhi, hukaza mwendo jua linapopanda, na wingu likipita hupunguza tu.

Hesabu niliipiga hivi: kugandisha maji ya nyuzi 28 ni kuyaondolea kilojuli kama 450 kwa kila kilo. Kilo 20 ni karibu uniti 2.5 za joto, kwani uniti moja (kilowati-saa) ni kilojuli 3,600. Friza huhamisha joto jingi kuliko umeme inaotumia, ila joto la nje nalo hupenya, kwa hiyo nilitenga uniti 2 za umeme kwa siku na kufunga paneli za wati 600.

Shughuli hasa ilikuwa kuyawahi maji yagande kabla jua halijazama. Hewa hupitisha joto vibaya mno. Nikatandika turubai zito la plastiki ndani ya friza, nikamimina maji ya chumvi, gramu 200 kwa kila lita, ambayo hayagandi mpaka yapite nyuzi 12 chini ya sifuri. Vyombo vya maji safi vinasimama humo, vya bati na vyembamba. Wembamba huo una maana kubwa: barafu inayotangulia kuganda huzuia ubaridi usifike katikati, hivyo ukiongeza unene mara mbili, muda huongezeka kama mara nne. Chumvi hula bati, kwa hiyo navisuuza na kuvikagua mara kwa mara.

Nje nimeongeza povu la kuhami joto pande zote isipokuwa pale kompresa inapopumulia. Barafu naitoa alfajiri tu, na hapohapo najaza maji mapya yaliyopoa usiku.

Kuganda hakuui vijidudu vyote. Kwa hiyo hata barafu ya kupanga na samaki, ambayo naiweka kilo kwa kilo kukiwa na joto, naitengeneza kwa maji ninayoweza kuyanywa.