Noti tatu zisizo na nyumbani

Shika gitaa la besi la nyuzi 4, E, A, D, G. Kidole kidogo freti ya 4 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo) uzi wa E, kinachofuata freti ya 3 uzi wa A, cha kati freti ya 2 uzi wa D, cha shahada freti ya 1 uzi wa G. Umepiga G shapu, C, E, na G shapu ya juu. Hiyo ndiyo apejio ya ogmentedi, yaani noti za kodi ya ogmentedi zikipigwa moja moja; ni oktavu nzima, kutoka G shapu hadi G shapu inayofuata, na mkono haujahama. Huko chini freti ni pana, kwa hiyo vidole vikilalamika anzia freti ya 9, umbo halibadiliki.

Urahisi huo unatokana na hesabu: kutoka noti moja hadi nyingine ni nusu toni 4 (nusu toni ni freti moja kwenye uzi), kila mara. Oktavu ina 12, basi inakatika vipande 3 sawasawa. Ndiyo maana apejio hizi kwa kweli ziko 4 tu; ukishika ya C umeshika pia ya E na ya G shapu. Wapiga kinanda wanahangaika na funguo nyeusi na nyeupe, sisi tumepewa mstari mmoja wa mshazari. Tufurahi, maana hatupendelewi mara nyingi.

Kazi iko kwenye sikio. Kodi ya meja, ile ya kawaida yenye sauti ya furaha, ukiipiga unajua nyumbani ni wapi, yaani noti ya msingi ni ipi. Hii haina kwao. Noti zote tatu zina haki sawa, na anayeamua ipi ni ya msingi ni mpiga besi. Kwa hiyo mimi sipendi kuipandisha na kuishusha tupu; vidole vinapata mbio, sikio halipati kitu.

Naweka metronomu midundo 60 kwa dakika, noti moja kila mdundo. C freti ya 3 uzi wa A, E, G shapu. Kisha G shapu inapanda freti moja, inakuwa A, narudi uzi wa D freti ya 3: F. Imetua. Nasogea freti 4 juu, naanzia E, freti ya 7. Noti ni zilezile, ila safari hii zinanitua kwenye A. Freti 4 tena, naanzia G shapu, freti ya 11, natua C shapu. Kila mara naimba noti ya kutua kabla sijaigusa. Sauti yangu si ya kukatiwa tiketi, lakini nikishindwa kuiimba najua vidole vinaenda kwa mazoea tu.

Kwenye wimbo siipigi yote. Kodi hii ikipita kati ya C na F, mara nyingi C na E zinanitosha, G shapu namwachia kinanda. Cha kuogopa ni G ya kawaida. Mkono wa besi umezoea noti ya msingi na ya tano yake, na ya tano ya C ni G, kwa hiyo unaifuata wenyewe, na G hiyo ikikaa chini ya G shapu ya kinanda, mwimbaji atageuka akutazame.

Sasa naipiga kwenye uzi wa G peke yake, freti ya 1, 5, 9, 13, bila kutazama shingo. Kuteremka ndiko kugumu: kidole gumba kinataka kubaki nyuma.