Kutoka kaunta ya kituo hadi bunge la kaunti: siku yangu moja

Saa kumi na moja asubuhi. Bado naamka bila kengele. Miaka 19 ya zamu haitoki mwilini kwa kuvua sare. Niliacha upolisi mwanzoni mwa 2022, maana sheria ya uchaguzi ya Kenya inamtaka mtumishi wa umma ajiuzulu miezi sita kabla ya kura, na Agosti mwaka huo wadi yangu ikanituma kwenye bunge la kaunti.

Saa moja na nusu. Benchi la ofisi ya wadi limeshajaa. Mezani nina daftari la jalada gumu nililolichora mistari kama OB, kitabu cha matukio cha kituo cha polisi: namba, tarehe, saa, jina, shida, hatua. Lalamiko lisiloandikwa huna pa kulifuatia. Taa ya barabarani, basari, mfereji ulioziba nyuma ya chekechea, naandika.

Mama mmoja amesimama mlangoni, mkoba kaubana kifuani. Namkaribisha, anasema anapita tu. Nimewaona wengi wa namna hiyo: macho yanamwona mheshimiwa, moyo unamwona afande. Nikatoka nyuma ya meza, nikaketi kwenye benchi, daftari mapajani, nikamgeuzia aone ninachoandika. Ndipo akaketi. Dawa za presha hazipo zahanati, safari ya tatu hii anarudi mikono mitupu. Namba 17.

Saa tatu kasorobo. Mzee mmoja, mwanawe kashikwa jana jioni.

"Afande, piga simu moja tu. OCS, mkuu wa kituo, ni mwenzako."

Hapa ndipo kazi hii inaniuma. Polisi si wa kaunti, ni huduma ya taifa, na kifungu cha 245 cha Katiba hakimruhusu mtu kumwelekeza Inspekta Jenerali, mkuu wa polisi nchini, kosa gani lichunguzwe au sheria itumike dhidi ya nani. Mimi nimekaa kwenye kaunta hiyo. Simu za wakubwa nilizipokea, nikaona mwenye jamaa mwenye cheo akirudi kwake usiku huohuo na asiye na mtu akilala sakafuni. Siipigi.

"Mzee wangu, simu sitapiga, lakini sikuachi hivi hivi."

Nikamwandikia haki za kifungu cha 49: kijana aambiwe sababu ya kushikwa kwa lugha anayoielewa, azungumze na wakili, afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata kama saa hizo zitaishia wakati korti imefungwa. Nikamwambia akaulize namba ya OB na saa aliyoshikwa. Akaikunja karatasi bila kuniaga.

Saa nne na nusu. Kamati ya afya. Kifungu cha 195 kinatupa uwezo kama wa Mahakama Kuu wa kumwita shahidi, na mwaka wa kwanza niliutumia vibaya. Niliwahoji maafisa kama washukiwa, wakajifunga midomo. Siku hizi naomba karatasi. Oda ya dawa iliandikwa lini? Nani alitia sahihi? Iko wapi sasa? Leo afisa amefungua faili mwenyewe na kunionyesha: oda ipo, imekwama kwa deni la msambazaji tangu mwaka wa fedha uliopita. Ningemkaripia, karatasi hiyo ingebaki kwenye faili.

Saa nane na nusu. Kikao. Nimesimama, nikaomba waziri wa afya wa kaunti atoe taarifa rasmi juu ya deni hilo. Dakika mbili tu, lakini zimeingia kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za bunge. Makadirio ya bajeti yanapaswa kufika bungeni kabla ya Aprili 30 kwisha, na nataka deni lionekane humo kwa jina lake, lisifichwe chini ya "matumizi mengineyo".

Saa mbili usiku. Mzee amepiga simu, sauti bado nzito. Kijana amefikishwa kortini, dhamana imetajwa. Hakunishukuru. Ameuliza atafuata utaratibu gani kuilipa, nikamweleza hatua kwa hatua, akaandika.

Nimefungua daftari, namba 17, safu ya hatua: "Deni limetajwa bungeni. Dawa bado. Mpigie mama kesho asubuhi."