Tochi ya Mtanda

Sisi wakazi kadhaa wa Lindi tunataka kuanzisha kituo chetu cha redio. Jumamosi iliyopita, saa mbili usiku, tulipanda kilima cha Mtanda watu wanne: mimi, mwalimu mstaafu, kijana wa bodaboda na mama mmoja anayeuza pweza sokoni. Hatukubeba mtambo wala antena, maana bila leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, huruhusiwi kurusha chochote hewani. Tulibeba tochi kubwa ya wavuvi. Wenzetu wawili walikwishavuka maji kwenda Kitunda, ng'ambo, mwingine alikaa ufukweni, wengine walishika njia ya Ng'apa. Tukawasha, tukapiga simu: mnaiona?

Kwa nini tochi? Mimi ni fundi redio hapa Lindi. Mawimbi ya FM husafiri karibu sawa na mwanga, yamenyooka, na kilima kikiyakinga yanafifia. Kila kikao chetu kuna anayeuliza tununue mtambo wa wati ngapi, nami hujibu kwamba tungoje kwanza. Ukizidisha wati mara mbili, umbali hauzidi mara mbili. Kimo ndicho mali. Antena ikikaa mita 30 juu ya nchi tambarare, upeo wake ni kama kilomita 22. Ipandishe mita 100, unafika kilomita 41. Kwa watu wasio na fedha kama sisi, kilima ni mtaji.

Kitunda waliiona. Walipiga kelele kwenye simu mpaka mama wa pweza akacheka kwa furaha. Upande wa Ng'apa, giza tupu. Mwalimu akaandika yote mawili kwenye daftari.

Wazo la kituo lilinijia Mei 2024, siku za kimbunga Hidaya. Mafuriko yalikata barabara ya Dar es Salaam kule Somanga, na watu wakaniletea redio zao wakidhani zimeharibika. Zilikuwa nzima. Zilisema kimbunga kiko pwani ya kusini, na ni kweli kilikuwapo, ila mzazi alitaka kujua kama vyombo vya Kitunda vinavuka, au mwanawe alale hukohuko. Hilo hakuna aliyelitangaza. Bibi yangu alikuwa akitusimulia kimbunga kilichoipiga Lindi Aprili 1952, jinsi walivyokijua kilipokwisha kufika. Miaka zaidi ya 70 imepita, redio tunazo mkononi, na habari ya upande wa pili wa maji bado tunaiulizia barazani.

Kikao cha tatu ndicho kilichoninyima usingizi. Mfanyabiashara mmoja alijitolea kulipia mnara wote, kwa sharti kwamba saa ya asubuhi iwe yake msimu mzima wa ufuta na wa korosho. Nakiri nilitaka tukubali. Nilikwishapiga hesabu ya mnara, kebo ya antena, kinga ya radi na betri za akiba, nikaona kwa michango ya shilingi elfu elfu tutazeeka. Mama wa pweza akaomba nafasi. "Fundi, mkulima akitoka mnadani na malalamiko ya bei, atayasemea kwenye saa ya nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikaa chini.

Usiku huohuo mwalimu aliandika kwenye rasimu ya katiba yetu: kituo si cha kibiashara, hakuna mwanachama atakayegawiwa faida, na anayechangia, hata achangie kiasi gani, hachagui kipindi wala mtangazaji. Mfanyabiashara tulimwendea nyumbani, tukamshukuru, tukamweleza. Hakufurahi. Sasa tunahangaika na usajili wa asasi, kwa kuwa huwezi kuomba leseni kama kundi la marafiki. Muhtasari wa vikao, wajumbe wa bodi, anwani, hayo mwalimu anayamudu kuliko mimi.

Mimi nina daftari langu kibandani. Kila anayeleta redio namuuliza anasikiliza saa ngapi na nani anashika kitufe nyumbani. Wavuvi wananitajia saa kumi alfajiri, kabla ya kuingia majini. Akina mama wengi wananiambia kitufe kiko kwa mume mpaka atoke. Ratiba ya vipindi itaanzia hapo.

Na Ng'apa hatujawaacha. Jumamosi ijayo tochi inahamia kilima kingine, na wao ndio wameomba kuishika.